Makobo wa Mama na Ngozi Yangu

Likasi, Jumapili 21 Oktoba 1973

Ninaandika kwa sababu mkono unaoandika hauwezi kujikuna. Sina sababu nyingine. Nimechukua daftari moja lililobaki shuleni mwaka jana, na Firmin akiniuliza nitamwambia ninatayarisha masomo.

Mvua ya kwanza imeshuka leo baada ya misa na vumbi la cité, mtaa wetu wa wafanyakazi, limelala. Watu walitoka nje kufurahi, na mimi nilifurahi pamoja nao hadi saa kumi. Saa kumi wageni wangu walifika.

Ninawaita wageni kwa sababu sijui jina lao. Walianza mwezi wa sita, wakati wa baridi. Huja alasiri, karibu kila siku. Kwanza kiganja kinapata moto, kisha mkono, kisha mgongo, na ngozi inainuka mabaka mabaka kama uji unaoanza kuchemka. Siku nyingine mdomo nao unavimba. Yanawasha hata ninatamani kuivua ngozi niitundike kwenye kamba ya nguo. Halafu asubuhi hakuna kitu. Ngozi laini, na mimi naonekana mwongo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Hawa wangu nimewapa jembe, nimewapa sabuni ya dawa, mawese na maji ya chumvi, na bado wamekaa.

Kila mtu ana mshtakiwa wake. Julie, jirani tunayeshiriki naye ukuta, anasema ni sabuni. Georgette, dada ya Firmin anayekaa kwetu tangu aachane na mume wake, anasema kitu kinachokuja jua likienda na kuondoka jua likija si ugonjwa wa dispensari. Mama yangu anasema nimekonda, nile. Firmin hasemi kitu. Anafanya kazi kwenye tanuri la shaba la kampuni huko Shituru, na akirudi nyumbani hamu yote ya kusema imemwisha.


25 Oktoba

Mvua. Mgongo. Sina la kuongeza.


Jumatatu 29 Oktoba

Nilikwenda dispensari ya kampuni na kadi ya Firmin. Karatasi inaniita citoyenne, yaani raia, Mwape, si Henriette tena, maana majina ya ubatizo yamekatazwa sasa. Kwenye benchi watu wote waliniita Mama Claire, kwa jina la binti yangu, na hakuna sheria inayokataza hilo.

Muuguzi ni Adolphe, mtu mpole, mwenye foleni ndefu kuliko siku yenyewe. Niliinua mkono wa blauzi. Aliangalia, akageuza mkono, akaangalia tena.

"Mama Claire, bugonjwa iko wapi?"

"Asubuhi inalala."

Benchi zima lilicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, lakini nilitaka kulia. Adolphe hakucheka. Aliniuliza jana nilikula nini.

"Bukari na samaki," nikajibu, maana ugali haukosi kwetu.

"Samaki gani?"

"Makobo. Mama yangu analetaka kila Ijumaa, ya ziwa Tshangalele."

"Njo ile," akasema, kama mtu aliyeona nyoka na mkia wake. "Samaki, mayai, karanga: unaacha yote. Ile bintu inakatalaka damu ya bantu bamoja."

Akanipa chupa ya maji ya rangi ya waridi ya kupaka. Nimejipaka. Ninafanana na ukuta uliopigwa chokaa nusu, na bado ninawashwa.


Ijumaa 2 Novemba

Lazima niandike hii vizuri, ingawa sitaki.

Mama alifika saa nne na lori la wachuuzi, kama kila Ijumaa, akauza sokoni hadi adhuhuri kisha akaja kwetu na kapu la samaki aliotuwekea. Hajawahi kutuuzia samaki hata mmoja. Huwa anapika mwenyewe. Mimi hukaa kwenye kigoda kama niko bado na miaka kumi, yeye anapika, tunasema mambo ya ziwa, nani amezaa, nani nyavu zake zimeibiwa. Hiyo ndiyo Ijumaa yangu tangu niolewe.

Leo alipoweka sahani mbele yangu nilisema, "Mama, shitakula samaki."

Aliniangalia. "Uko na malaria?"

"Hapana. Ni dispensari. Banasema samaki njo inaniletea haya mabaka."

"Samaki gani?"

Nilijua hakuna jibu zuri. Kwetu mtoto anaweza kumkatalia mama yake neno, safari, hata mchumba. Chungu hakikataliwi. Mtu akikataa chakula cha mkono fulani anasema jambo juu ya mkono huo, na kila mtu anajua ni jambo gani, na hakuna haja ya kulitaja. Nililijua hilo nikiwa na sahani mbele yangu. Lakini nilikuwa pia na miezi mitano ya kujikuna, na Adolphe amevaa koti jeupe.

"Samaki yote, Mama. Hata ya bengine."

"Bengine benye kukuletea samaki ni nani?"

Georgette alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. Aliacha kukunja.

Mama alichukua sahani yangu, akamimina samaki kwenye sahani yake, akala peke yake, polepole, hadi mwisho, akinigeuzia uso ili nione. Alipomaliza alifunga kitambaa chake. "Basi. Minasikia," akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.


9 Novemba

Mama amekuja. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akamwita Claire, akampa embe. Kwa mara ya kwanza hakuleta samaki. Jua lilikuwa kali kabla ya mvua, na alikuwa ametembea kutoka sokoni. Nikamletea maji kwenye kikombe cha bluu anachokipenda.

"Shiko na kiu," alisema.

Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikaa na kikombe pembeni yake, hakukigusa, akaondoka. Nilimwaga maji yale kwenye maua, na sikujua nimkasirikie nani.


17 Novemba

Majani ya lengalenga. Maharagwe. Majani ya sombe bila karanga. Lengalenga. Firmin anakula bila kulalamika, lakini leo nilimwona ananusa upepo kutoka jikoni kwa Julie.

Wageni hawajapungua hata mmoja. Sijamwambia mtu. Nikisema samaki hana kosa, basi nimemuumiza mama bure. Nikinyamaza, angalau nimemuumiza kwa sababu.


Jumanne 27 Novemba

Darasa la pili, somo la methali. Kitabu kinafuata mpango wake, hakinijui. Ya leo ilikuwa: kikulacho ki nguoni mwako. Watoto wakaniuliza maana. Nikasema ni chawa. Wakacheka. Nikasema tena, ni mtu wa karibu anayekudhuru, na nikafunika kitabu.

Nyumbani Georgette hasemi waziwazi. Anasema tu, "Tangu mama yako haletake samaki, unaonaka je?" Kisha ananyamaza na kuendelea na nguo zake. Nimeanza kuogopa kunyamaza kwake kuliko maneno yake.


30 Novemba

Mama hakuja. Mvua imeharibu barabara, wanasema wachuuzi. Wachuuzi wenyewe walifika.


Alhamisi 13 Desemba

Leo wageni hawakungoja saa kumi. Saa tano, nikiandika ubaoni, niliona watoto wa mstari wa mbele wanaangaliana. Nikagusa uso. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba na mdomo wa juu umetoka kama wa mtu aliyepigwa. Msichana mmoja alianza kulia. Mkurugenzi wa shule akaniambia niende nyumbani, akisimama mbali kidogo nami, na mimi nikapita cité nzima nimefunika uso kwa kitenge, mchana, watu wakinisalimu kwa jina.

Firmin aliporudi alinikuta nimelala nimegeukia ukuta. Georgette alikuwa tayari amempelekea habari mjomba wao, na mjomba alikuwa tayari amekuja. Walikaa sebuleni. Ukuta wetu ni mwembamba, nilisikia kila kitu.

"Ku Kakontwe kuko mufumu moja," mjomba alisema, "anaonaka muntu mwenye kukutega hata kama iko mbali. Siku ya posho tunaenda. Tunauliza tu. Kuuliza haiko kushitaki."

"Na akisema jina?" aliuliza Firmin.

"Akisema jina, njo jina."

Georgette akasema, taratibu kabisa, "Minye shiseme kitu. Lakini yeye mwenyewe alikatala chakula ya mama yake. Haiko sisi benye kumuambia."

Hapo nilielewa. Ni mimi niliyetoa ushahidi wa kwanza. Mufumu, yule mpiga ramli, hana haja ya kuona kitu. Atauliza, mgonjwa amekataa chakula cha nani? Na watajibu. Na jina la mama yangu likitamkwa mara moja mbele ya ukoo wa mume wangu, litafika Tshangalele kabla ya lori. Mjane mwenye nywele nyeupe, anayekaa peke yake kando ya maji. Tunajua wote wanawake wa namna hiyo wakiitwa wachawi huishia wapi.

Niandike pia lililo baya zaidi, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Nilipokuwa nimelala pale, jicho limefumba, nilijaribu kukumbuka mikono ya mama ikipika, na kwa muda mfupi niliitazama kama mikono ya mtu nisiyemjua. Nilimwogopa mama yangu. Mama aliyenitolea mifupa ya samaki isinikwame.


Jumamosi 15 Desemba

Jana jioni wageni walipojaa mkono nilichukua bic ya bluu ninayosahihishia, nikachora mpaka kuzunguka kila baka, moja moja. Claire alinisaidia upande wa nyuma, akasema hili ni ziwa, hili ni kisiwa. Nilifanya hivyo kwa hasira ya lile benchi lililonicheka.

Leo asubuhi Firmin aliamka kabla yangu, amevaa shati la misa.

"Tunaenda ku lopitalo," alisema. "Kakontwe itangoya."

Kwa Firmin hiyo ni hotuba.

Daktari ni kijana, jina lake Ambroise, katoka Kinshasa, na Kiswahili chake kinachechemea kama baiskeli yenye gurudumu bovu. Nilifunua mkono. Ramani nzima ilikuwa pale, maziwa na visiwa, na ndani ya mipaka ngozi safi. Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akatabasamu.

"Citoyenne, umefanya kazi yangu. Kitu yenye kuhama hivi, leo hapa kesho pale, haiacha alama, iko na jina. Urticaire. Ya kwako imepita wiki sita, basi ni chronique. Ya kukaa."

Nililia. Si kwa huzuni. Wageni wana jina.

Nikamwambia habari ya samaki. Akatikisa kichwa. "Samaki yenye kukukatala, inakukatala palepale, sahani iko bado mbele yako. Na ukiacha samaki, ingekwisha. Umeacha tangu lini?"

"Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja."

"Na mabaka?"

Firmin alikuwa amekaa karibu nami, kofia magotini.

"Hayajapungua hata siku moja," nilisema.

Firmin aligeuka akaniangalia. Niliona amepata jambo la kufikiria.

"Basi inatoka wapi?" aliuliza.

"Shijue," alisema daktari. "Mara mingi hakuna mutu anajua, hata Bulaya. Mwili inajikosea, inapigana na kivuli. Lakini dawa iko. Moja kila asubuhi. Kila asubuhi. Na siku ulimi ikivimba, ama pumuzi ikikosa, unakuja mbio, haungoye asubuhi."

Nimetoka na chupa ndogo mfukoni. Mjomba alikuwa sebuleni, ametungoja na viatu vyake vya safari. Firmin alimweleza. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, na ni Georgette aliyejibu.

"Kama munganga hajue nani analeta bugonjwa, anajua je kama haiko ule muntu?"

Lakini Kakontwe hawakwenda.


25 Desemba

Noeli. Mama hakuja. Nilimpelekea kitenge kwa lori, na kitenge kimepokewa, nimeambiwa, bila neno.

Dawa inafanya kazi, lakini inanilaza. Juzi nilisinzia watoto wakihesabu.


8 Januari 1974

Mpango wangu ni huu: nitakwenda kwa mama nikiwa na ngozi safi kama yai, nimle samaki wake mbele ya majirani zake wote, na wakose cha kusema. Kwa hiyo vidonge ninavitunza. Siku ambayo ngozi imetulia, kwa nini nimeze? Ninameza siku mbaya tu. Vingine navificha kwenye kopo la sukari kwa ajili ya safari.


14 Januari

Julie ameomba. "Mama Claire, nipe kinini mbili ya bwana yangu, anapiga chafya tangu jana." Nikampa vidonge viwili. Nani anamnyima jirani dawa? Wakati Claire alipougua surua, nusu ya dawa ilitoka kwa Julie. Georgette amechukua vitatu vya kikohozi. Adolphe angefunga dispensari kama angejua cité hii inajitibu vipi.


20 Januari

Mgongo. Mikono. Mdomo. Kopo la sukari lina vidonge vinne. Georgette aliniona nikijikuna kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe, akasema, "Dawa ya bazungu ilifika mwisho." Mjomba amerudi kuuliza habari za Kakontwe. Naona aibu, na ninaona usingizi, na nimechoka na mvua.


Alhamisi 24 Januari

Dokta Ambroise hakuinua sauti. Aliniuliza ninameza vipi, nikamweleza utunzaji wangu wote, nikitarajia sifa.

"Citoyenne, bukari unakula siku ya njaa tu? Ama kila siku, ili njaa isikuje?"

"Kila siku."

"Hii dawa ni bukari. Unakula kila asubuhi, hata kama ngozi iko safi. Zaidi kama iko safi. Na haupatie mutu."

"Jirani akiomba?"

Alifikiri. Kwao Kinshasa pia kuna majirani. "Unaongopa," alisema. "Unasema imekwisha."

Akaniandikia nyingine, za kumeza jioni badala ya asubuhi, kwa ajili ya usingizi.


26 Januari

Firmin amechukua chupa. Anaiweka kwenye kabati la vyombo vyake vya kazi, na ufunguo anao yeye. Jioni kabla ya kula ananipa kidonge kimoja kwenye kiganja na kukaa mbele yangu hadi nimeze. Miaka kumi na miwili nimemwona kama mtu asiye na la kusema. Nimeanza kuona kwamba anasema kwa namna yake, na kwamba mimi, mwalimu, sikujua kusoma.

Julie aliomba tena. Nikamwambia Firmin ana ufunguo. Alikunja uso, na jioni hakunisalimu ukutani. Sasa na mimi ninajua kunyimwa kuna ladha gani, kwa pande zote mbili.


10 Februari

Siku ya nne ngozi safi. Ninaandika bila kuwashwa, na mkono haujazoea.


Ijumaa 22 Februari

Sokoni nilimkuta Marceline, mchuuzi wa kijiji cha mama. Nilimwuliza mbona mama hauzi tena hapa. Alianza kupanga samaki wake upya, waliokuwa tayari wamepangwa.

"Mama Claire, minye shipende maneno."

"Sema tu."

"Bantu balianza kumuangalia mubaya. Ile neno ilitoka huku Likasi, shijue nani aliileta. Banasema: kama mutoto yake mwenyewe hakule ku mukono yake, sisi tutakula je? Mama yako anakausha samaki, haiko muntu wa kununua. Pale mutoto ya jirani alilwala homa, babu yake alipita mbele ya mulango ya mama yako na panga. Alipita tu. Lakini na panga."

Nilirudi nyumbani bila kununua kitu. Georgette alikuwa anapika. Nikamwambia yote, neno kwa neno, nikisimama karibu naye hadi akaacha mwiko. Hakukana. Alisema, "Minye nilisema tu kwa bantu bawili." Kisha akaanza kulia, na sikumbembeleza.

Firmin alipopata habari alisema, "Barabara ikikauka kidogo, tunaenda sisi bote. Georgette, weye pia. Mudomo yako njo ilifika kule mbele yetu."


3 Machi

Mvua. Lori halipiti.


9 Machi

Mvua. Ngozi safi. Ninameza kila jioni. Ninasali barabara ikauke, na sijali nani anacheka kwamba mtu wa Likasi anaomba jua.


Jumapili 17 Machi

Tumerudi leo. Naandika meza ikiwa bado na matope ya mikono yangu.

Tulipanda lori jana asubuhi, mimi, Firmin, Claire na Georgette, juu ya magunia matupu. Nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi, makusudi. Mwezi mzima sijaona baka hata moja. Ndivyo nilivyopanga: ngozi kama yai. Tulikwama mara mbili, tukasukuma. Ilipofika alasiri tukaanza kuona ziwa, na zile nyaya nene za umeme kutoka bwawa la Mwadingusha zinazopita juu ya kijiji cha mama kwenda kuwasha mitambo ya mume wangu bila kushuka hata mara moja kumwashia mama taa.

Hapo kiganja kikapata moto.

Nilikificha. Kisha mkono. Kisha shingo. Claire akaona kwanza, akasema, "Mama, maziwa inarudi." Firmin aliniangalia, nikamwambia nimemeza, alijua nimemeza, alikuwa amekaa mbele yangu. Dokta alisema mabaka yanaweza kutokeza siku moja moja, hata dawa ikiwepo. Lakini kwa nini siku hii?

"Tulale kwa Marceline," Firmin alisema chini chini. "Unaenda kesho, kama imeisha. Ukila leo, batasema: muone, ni samaki."

Alisema kweli. Nilikaa na jambo hilo hadi lori lilipozima. Nikafikiri juu ya wiki zote nilizongoja ngozi safi, na mama akingoja nini? Panga limepita mlangoni kwake mimi nikihifadhi vidonge kwenye kopo la sukari. Nikashuka.

Mama alikuwa uani, akigeuza samaki kwenye kichanja cha moshi. Amekonda. Alituona, akaendelea kugeuza. Majirani walianza kutoka, mmoja mmoja, kila mmoja na kazi ya kujisingizia. Yule babu pia alitoka, na alikaa kwenye kigoda chake ng'ambo ya njia.

"Mama, jambo," nilisema.

"Jambo."

"Niko na njaa."

"Shiko na samaki ya kupatia bagonjwa," alisema, bila kugeuka.

Chungu kilikuwa jikoni, kwenye mafiga, kimefunikwa. Mgeni hungoja kupakuliwa. Mtoto wa nyumba hufunua mwenyewe. Lakini kabla sijafunua nilisimama katikati ya ua na kuinua mikono yote miwili, mabaka yamejaa hadi kwenye viwiko, na nikasema kwa sauti ninayotumia na watoto wa mstari wa nyuma:

"Muangalie muzuri. Haya mabaka ilitoka mu lori. Shiyakula kitu. Nilikatala samaki ya mama yangu miezi mine, na haya ilikuwa inakuya kila siku. Ni bugonjwa, iko na jina, na niko na dawa yake. Haiko mukono ya muntu. Minye njo nilikosea."

Firmin alikuja akasimama nyuma yangu. Nikaingia jikoni, nikafunua chungu, nikatoa makobo mmoja kwa mkono, mzima, nikatoka naye uani, nikakaa chini kwenye vumbi mahali pangu pa zamani, nikala. Nilikuwa nimesahau utamu wake. Nilikula huku nikilia, na machozi yakaongeza chumvi. Nilikula hadi kichwa, nikanyonya mifupa, na mkono uliokuwa unakula ulikuwa umevimba mbele ya macho ya watu wote, na sikujikuna hata mara moja.

Mama alikuwa ameacha kichanja. Alikuja, akaangalia mifupa kwenye jani, akaangalia mkono wangu. Akaushika, akausugua kwa kiganja chake kilichokauka kwa moshi, juu chini, kama alivyokuwa akinisugua nikiumwa na siafu.

"Inawasha?" aliuliza.

"Sana."

Akaniongezea samaki wa pili. Kisha akapakua wengine, akampa Firmin, akampa Claire. Alipofika kwa Georgette alisimama na sahani mkononi.

"Na weye? Unaogopa?"

Georgette alipiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akala haraka, bila kuinua kichwa. Mama alimngoja hadi akaanza kipande cha pili. Marceline akaja, akaomba wake. Akaja mwingine. Yule babu hakuja, lakini alimtuma mjukuu wake na sahani, na mama akaijaza.

Jua likishuka na ua ukiwa umejaa watu wanaotafuna, mama akakaa hatimaye karibu nami. Alinyoosha miguu. Uso wake ulikuwa na jasho la moto.

"Henriette," alisema, "nipatie maji."

Nilichota kwenye mtungi, nikamshikia kikombe kwa mikono yangu yote miwili, na mabaka yake. Mama alikipokea. Alikunywa yote, mbele yao wote, kisha akakigeuza kikombe chini waone kwamba hakuna tone lililobaki.